Taarifa Ambayo Haikuja

Gongoni, Tabora
6 Januari 2024

Mpwa wangu Gaudensia,

Kwanza ujue barua hii imeandikwa na mtu ambaye, kama asingekuwepo, mji wa Tabora ungekuwa umeshasimama. Sijisifu. Jana tu mkubwa mmoja wa sokoni alikuja mpaka mlangoni kwangu kuniuliza mvua itakatika lini. Nikamwambia tarehe ishirini. Akaandika.

Baada ya hayo, sisi huku hatujambo. Mama yako, dada yangu Josepha, hajambo kwa kiasi chake. Sikio la kushoto limefunga kabisa, la kulia linasikia ukilisogelea na kupaza sauti. Simu ndiyo usiseme. Ulipopiga Noeli aliitikia "marahaba, marahaba" mpaka ukakata, halafu akaniuliza alikuwa nani. Sasa anataka karatasi. Anasema, "Karatasi aliyoishika mwanangu nitaishika na mimi." Kusoma hajui, shule aliniachia mimi, nami niliitendea haki mpaka darasa la sita, walimu wakaniambia inatosha, watu kama wewe nchi inawahitaji nje. Kwa hiyo wewe utaandika, mimi nitamsomea. Sauti yangu anaisikia. Sauti yangu hata Igunga wanaisikia, upepo ukiwa mzuri.

Jambo lenyewe ni hili. Watu wananiuliza kazi yako huko kisiwani ni ipi. Mzee Humaidi wa duka la vitambaa kasema umekwenda kufagia uwanja wa ndege. Nikamjibu kwamba mpwa wangu ndiye anayezishika ndege zote za bahari ile, anazitazama kwenye kioo kama runinga, moja ikiisogelea nyingine anaivuta nyuma. Kama nimekosea niambie, ila usinikosoe sana, nimeshamwambia hivyo.

Na usisahau damu yako. Babu wa babu yetu alikuwa kirangozi, alitangulia mbele ya wapagazi mia nane kutoka hapa mpaka Ujiji, akarudi nao wote na watatu zaidi. Mimi nimekaa Kaliua, pale reli ya Mpanda inapoachana na ya Kigoma, nikishika daftari la treni. Wewe sasa umechukua ndege. Ukoo ni mmoja.

Ni mimi mjomba wako,
Leodgar


Kisiwani, 28 Januari 2024

Shikamoo Mjomba,

Mama mpe shikamoo yake kwenye sikio la kulia. Je, miguu inamvimba bado? Dawa ya presha anakunywa au anaificha chini ya godoro kama mwaka juzi? Mwambie ninakula vizuri, nimepata kanisa karibu, na sketi aliyonishonea naivaa Jumapili.

Mimi sijambo, nimechoka tu.

Kioo hicho cha runinga hatuna, Mjomba, nisamehe kwa Mzee Humaidi. Mtambo wa kuona ndege unaishia maili mia mbili hivi kutoka ufukweni. Zaidi ya hapo ni maji matupu na ndege hatuzioni. Rubani ndiye anayetuambia. Bahari tumeipangia vituo ambavyo havipo, ni majina tu kwenye ramani. Akifika kituoni anasema kwenye redio: nimepita mahali fulani, saa fulani, niko urefu fulani juu ya maji, kituo kinachofuata nitapita saa fulani. Naandika kwenye kipande chembamba cha karatasi, kila ndege na chake, navipanga mezani. Zikifuatana kwenye urefu mmoja lazima ziachane dakika kumi. Saa aliyoitaja ikipita kwa dakika tatu hajasema kitu, naanza kumtafuta. Siku hizi wengine wanatuma maandishi kwa setilaiti, lakini nyingi za ndege za mizigo bado ni redio, na redio inachacharika kama mafuta yenye maji.

Kazi yenyewe si ngumu. Ni kusikiliza. Lakini tunatakiwa tuwe kumi na wawili na tuko saba, kwa hiyo siku nyingi ninakaa zamu mbili mfululizo. Nikitoka nimechoka hata kufungua kufuli la mlango wangu. Nafikiri nimechoka tangu Oktoba.

Mama asisikie hilo.

Gaudensia


Gongoni, Tabora
19 Februari 2024

Mpwa wangu,

Marahaba, na mama yako kaitikia mara tatu. Dawa anakunywa, nimesimama mlangoni nikaona koo likishuka. Mvua ilikatika tarehe ishirini na tisa. Mimi nilisema ishirini, yule bwana ndiye aliyeandika vibaya. Mizinga yangu ya njia ya Kaliua imeingia nyuki wengi hivi kwamba wengine wamekosa nafasi wanapanga foleni nje.

Barua yako nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza dada alisikiliza yote, kisha akawa ananiambia, "Rudia pale pa sketi." Halafu akaikunja, akaiweka ndani ya kanga kifuani, akalala nayo mchana.

Sasa sikiliza. Nilikwenda dukani kwa Mzee Humaidi, nikamwambia, "Mzee, kioo hakuna. Hawazioni kabisa hizo ndege."

"Si ulisema kioo?"

"Yale yalikuwa maelezo ya mtoto, ili uanze kuelewa. Haya ndiyo ya mtu mzima."

Akacheka mpaka akashika meza. "Kwa hiyo mpwa wako anaongoza kitu asichokiona."

"Anaambiwa kilipo."

"Na akiambiwa uongo?"

"Rubani gani ataongopa mahali alipo, na yeye ndiye yuko huko juu?"

Hapo akaniagizia kahawa, ujue nimemshinda.

Nami kazi yako naielewa kuliko wote hapa. Kaliua tulifanya hivyo hivyo. Treni huioni, unaambiwa imetoka Usoke, unaandika, unangoja. Nilikuwa naandika kwa mkono mmoja na kupeperusha bendera kwa mwingine.

Katika ukurasa mmoja umesema umechoka mara tatu. Nimehesabu. Mama yako sikumsomea hata moja. Waambie wakubwa wako wakupumzishe, au nipe anwani yao niwaandikie mimi.

Leodgar


Kisiwani, 10 Machi 2024

Shikamoo Mjomba,

Ukurasa huu wa kwanza ni wa mama. Mama, shikamoo. Nimepata godoro jipya. Tulipata mvua ya siku mbili, nikakumbuka bati letu. Rozari yako ninayo kwenye mkoba. Usibebe ndoo, mwambie Doto wa jirani akuchotee. Nakukumbuka kila siku.

Sasa, Mjomba, ukurasa wa pili. Huu usimsomee.

Ijumaa tarehe kumi na sita Februari nilikuwa zamu ya pili ya siku ile ile. Ndege ya mizigo ilitakiwa ipite kituo saa nane na dakika ishirini na mbili mchana. Nyuma yake, urefu mmoja, kulikuwa na ya abiria, dakika kumi na mbili nyuma. Hiyo ya mizigo naijua, inapita kila Ijumaa na haikosei. Mjomba, niliandika ishirini na mbili kabla haijasema. Niliandika kama mtu aliyesikia, nikafumba macho, yalikuwa yanawaka. Nilijiambia, itasema tu.

Haikusema. Ilikuwa imepunguza mwendo ikikwepa mawingu ya radi, na redio yake haikutufikia. Sauti yake ilipokuja ilisema imepita saa nane na dakika ishirini na tisa. Dakika saba. Maana yake ile ya abiria ilikuwa nyuma yake kwa dakika tano, siyo kumi, na mezani kwangu karatasi ilionyesha kila kitu ni salama. Kama nisingeandika, ilipogonga ishirini na tano ningeanza kuitafuta. Nilimwambia rubani wa abiria apande futi elfu mbili. Alipanda, yakaisha. Aliniambia asante, Mjomba. Asante.

Kisha nikafanya la pili. Nilichukua karatasi mpya nikaandika ishirini na tisa kwa mwandiko mzuri, na ile ya kwanza nikaitia mfukoni. Ninayo mpaka leo. Kanuni inataka niripoti siku hiyo hiyo. Sauti zilizorekodiwa zinafutwa baada ya siku thelathini, kwa hiyo barua hii ikikufikia hakutakuwa na anayejua isipokuwa mimi na wewe.

Nikisema, naweza kuondolewa mezani, pengine kurudishwa nyumbani. Nisiposema, wenzangu sita wanaendelea kuchoka kama mimi, na siku moja mmoja wao ataandika namba ambayo hajaisikia, na rubani hatapata nafasi ya kusema asante.

Wewe umeshika daftari Kaliua. Ungefanya nini?

Gaudensia


Gongoni, Tabora
2 Aprili 2024

Mpwa wangu,

Marahaba. Pasaka imepita salama. Padri alikutaja kanisani, mtoto wa parokia hii anayeongoza ndege za bahari nzima, na mama yako, ambaye hakusikia neno hata moja, aliona watu wamegeuka kumtazama, akasimama. Alisimama mpaka wimbo ukaisha. Doto anamchotea maji.

Ukurasa wa pili nimeusoma peke yangu, nyuma ya nyumba, kwenye mizinga mitupu.

Nyamaza, Gaudensia.

Nakwambia kama mtu wa kazi. Kaliua, mwaka tisini na saba, niliandika treni ya mizigo imefika na ilikuwa bado iko porini. Nikakaa nayo moyoni saa nzima. Ikafika. Wakubwa walipokuja kukagua walisema daftari langu ndilo safi kuliko yote kutoka Dodoma mpaka Kigoma, wakataka kunipiga picha nikakataa. Hivyo ndivyo kazi ilivyo. Hakuna aliyeumia. Ukisema, nani atafaidika? Wakikurudisha nyumbani, mama yako atakaa wapi kanisani?

Ichome hiyo karatasi, usile nayo wala usilale nayo. Kisha andika kama kawaida. Mama yako anangoja.

Leodgar


Gongoni, Tabora
14 Juni 2024

Mpwa wangu Gaudensia,

Sisi wazima. Tumeanza kurina. Asali ya mwaka huu ni nyingi hivi kwamba niliogopa kuwaambia watu wasije wakadhani nasema uongo. Mama yako aliteleza uani mwezi uliopita akaumia goti, siyo jambo kubwa, anatembea akishika ukuta. Mzee Humaidi anakusalimu.

Sijaona barua yako tangu ile ya Machi. Najua posta ni posta. Ila nakwenda dirishani pale kila Jumanne na Ijumaa, mpaka yule dada wa posta akiniona kwa mbali anatikisa kichwa, kunipunguzia safari.

Kwa mama yako usiwe na wasiwasi. Salamu zako anazipata kila mwezi na anafurahi sana.

Andika, hata mistari miwili.

Leodgar


Kisiwani, 7 Julai 2024

Shikamoo Mjomba,

Pole kwa goti la mama. Limevimba? Amepelekwa hospitali au mmempaka tu mafuta? Nijibu hilo kwanza.

Salamu zipi, Mjomba? Sijaandika tangu tarehe kumi Machi. Nini anachokipata kila mwezi?

Sikuandika kwa sababu nilifuata ushauri wako. Nilinyamaza, na nikagundua kwamba siwezi kunyamaza jambo moja tu. Nikishika kalamu kumwambia mama sijambo, naona naandika tena kitu ambacho sijakisikia. Karatasi sikuichoma. Iko ndani ya kitabu cha sala.

Kazini nimekuwa kichekesho. Rubani akisema saa, namwomba arudie. Akirudia, namwomba arudie tena. Mmoja aliniuliza, "Dada, kwani mimi ndiye siaminiki?" Tumebaki sita sasa. Mwenzetu mmoja kaondoka mwezi Mei, hakuaga mtu.

Mkataba wangu unaisha tarehe thelathini na moja Agosti. Wanataka kuniongezea miaka miwili. Nimepewa fomu ya kusaini, na mstari wa tatu unasema kwamba kumbukumbu zote nilizoandika mezani ni za kweli. Nikisaini, nimeshakuwa mtu wa namna hiyo. Nisiposaini, lazima niseme kwa nini.

Fomu iko chini ya kikombe. Kila siku naamka nakuta iko pale. Kama una neno jingine tofauti na lile la Aprili, litume upesi. Kama huna, nitasaini, nimechoka.

Gaudensia


Gongoni, Tabora
29 Julai 2024

Gaudensia,

Goti lilipigwa picha, mfupa ni mzima, limepungua. Hilo umelitaka kwanza.

Barua hii naituma kwa posta ya haraka, si ile ya kawaida.

Umeuliza salamu zipi. Aprili mwishoni mama yako alinivuta shati akasema, "Mwezi umeisha. Iko wapi?" Mfukoni nilikuwa na tangazo la chama cha wafuga nyuki kuhusu mkutano. Sijui kilichonipata. Nililikunjua nikasoma, "Mama, shikamoo." Nikaendelea. Maneno yalikuja yenyewe, unanijua. Akafurahi, akalala vizuri. Mei nikasoma tena. Juni, Jumapili ya mwisho, nikasoma ya tatu, na hapo ndipo nilipokamatwa.

Alinyoosha mkono. "Leodgar, nipe hiyo karatasi."

Nikampa. Akaipapasa kwa vidole. "Hii siyo ya mtoto. Ya mtoto ni nzito."

"Nzito zimewaishia huko."

"Leodgar."

"Naam, dada."

"Haijaja."

"Haijaja."

"Tangu lini?"

"Tangu ile ya godoro."

Nilidhani atanipiga na fimbo, iko pale pale kitandani. Hakunipiga. Alisema polepole, na unajua viziwi wanavyopaza sauti, lakini siku hiyo hakupaza. "Miezi mitatu mimi nimelala usingizi mzuri, na mtoto wangu sijui yuko wapi. Ungeniambia haijaja, ningekusumbua kila siku. Ungekwenda posta, ungekwenda kwa padri, ungeomba simu ya watu. Umeniambia imekuja, nikaacha kumtafuta."

Niliketi chini pale pale, Gaudensia. Nikaona ile karatasi yako ya dakika ishirini na mbili. Kwa mwezi mzima sikukuandikia kwa aibu.

Kuna jingine, na hili ndilo lenye uzito kwako. Uliniuliza ningefanya nini, kwa kuwa nimeshika daftari Kaliua. Sikushika. Miaka minane nilikuwa napakia magunia ya tumbaku na madebe ya asali kwenye mabehewa. Daftari nililiona kwa dirishani, lilikuwa na jalada jekundu. Ile treni ya mwaka tisini na saba hakuna. Ushauri ule ulitoka kwa mpagazi, si kwa mshika daftari, na ulitoka kwa sababu nilipenda watu wageuke kanisani.

Sasa nakupa wa pili, nao ni wa mama yako. Nimemsomea ukurasa wa pili wote, na barua yako ya Julai yote. Nilipaza mpaka jirani akafunga dirisha. Alisikiliza, akasema, "Mwambie aende akaseme haikuja. Wakimrudisha, nyumba ipo."

Nenda. Usingoje tarehe thelathini na moja.

Leodgar


Kisiwani, 24 Agosti 2024

Shikamoo Mjomba,

Mama, shikamoo. Mjomba, hii msomee yote, usiruke kitu. Mama, mkono ukishika ukuta, kiatu kiwe na soli ngumu, usivae kandambili. Najua unavaa kandambili.

Barua yenu ilinifikia tarehe nane. Jumatatu ya tarehe kumi na mbili niliingia kwa mkuu wetu, Bwana Adriano, nikaweka mezani fomu ambayo sijasaini na ile karatasi. Aliisoma, akaigeuza nyuma kana kwamba kuna kingine, akaigeuza tena.

"Februari," akasema.

"Ndiyo."

"Na hii ningeijuaje?"

"Usingeijua."

"Kwa nini sasa, basi?"

Nikamwambia, "Kwa sababu mama yangu aliambiwa nimefika na nilikuwa sijafika."

Hakuelewa, nami sikuwa na nguvu ya kumfafanulia. Kisha akauliza siku ile nilikuwa nimekaa mezani saa ngapi. Nikamwambia kumi na tatu. Akaandika hiyo namba pembeni, akaizungushia duara, na nikaona na yeye macho yake ni mekundu kama yangu.

Nimeondolewa mezani kwa miezi mitatu. Mkataba wa sasa wameusogeza mpaka Desemba, na ule mpya watauangalia hapo baada ya mimi kufanya mtihani upya mbele ya watu watatu. Naweza kushinda, naweza kurudi nyumbani. Kwa sasa napanga mafaili ya safari za ndege kwenye chumba kisicho na redio. Watu wawili wamekwenda kwa mkuu baada yangu, kila mmoja na siku yake kama ile yangu. Tangu wiki iliyopita hakuna anayeruhusiwa zamu mbili mfululizo. Ndege chache zinalazimika kungoja chini, na mashirika yanalalamika.

Nililala siku mbili. Niliamka nikadhani ni siku ile ile.

Jambo moja, Mjomba. Hizo barua tatu nilizoandika bila kuandika, nilisema nini humo? Mama alimtuma Veneranda wa parokia anipigie simu, naye akaniambia mama hajui lipi humo lilikuwa kweli, kwa hiyo anauliza kama kikohozi kimepona na kama Emilian ameshajitambulisha kwa padri. Nilijibu ndiyo kwa kikohozi. Kwa Emilian nilikata simu.

Niandikie yote, nijue maisha niliyoishi.

Gaudensia


Gongoni, Tabora
18 Septemba 2024

Mpwa wangu Gaudensia,

Marahaba. Nimemsomea mama yako barua yako neno kwa neno, hata pale pa kurudi nyumbani. Alisema, "Desemba si mbali," akaniagiza nikanunue viatu vyenye soli ngumu. Kandambili amempa Doto. Barua ameiweka kifuani. Mzee Humaidi nimemweleza mwenyewe kwamba umeondolewa mezani na kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko chake. Alisema tu, "Mimi dukani kwangu nisingeweza kusema," akaendelea kukunja vitambaa.

Sasa maisha uliyoishi.

Aprili ulinunua baiskeli ya rangi ya buluu. Ulipata kikohozi, ukapewa dawa na daktari kijana, mtu wa Urambo kwa asili, anaitwa Emilian. Nilimhitaji ili upone haraka, mama yako alikuwa ameanza kulia.

Mei ulipona. Uliimba kwaya, sauti ya pili. Emilian alikuja kanisani, akakaa nyuma. Mama yako akaniuliza ana umri gani, nikasema thelathini na minne, ikawa hivyo. Ulipanda kwenye ndege ukashika usukani kidogo, kwa ruhusa. Najua. Lakini alipenda sana hapo.

Mwisho wa hiyo hiyo ya Mei, Emilian alisema ana jambo la kumwambia padri. Nikaishia hapo kwa makusudi, ili niwe na la kusoma Juni. Sasa mama yako anajua kwamba Emilian hayupo, na bado anamwombea kwenye rozari. Nimemwambia haombewi mtu ambaye hakuzaliwa. Amesema hasara yake nini. Kama huko kuna daktari yeyote wa Urambo, basi mtazame vizuri.

Hayo ndiyo yote uliyosema.

Yamebaki yangu, na nilitaka kuyaruka, nikaona nitakuwa nimerudia kule kule. Nilikuandikia kwamba mama yako alinigundua kwa kuipapasa karatasi. Siyo kweli. Karatasi hakuigusa, ilikuwa mkononi mwangu muda wote. Nilitunga ili uone dada yangu ana akili, na mimi nilishindwa na jambo kubwa.

Ilikuwa hivi. Ile ya Juni, badala ya kuanza na yeye, ulianza na mimi. Uliuliza Mjomba Leodgar amekula nini, analala saa ngapi, nani anamsaidia kushusha mizinga, kama kuna siku anakaa bila mtu wa kuongea naye. Nilisoma hivyo kama mistari kumi na mbili. Goti lake, Gaudensia, nilisahau kabisa uliulize.

Dada akanikatisha. "Huyo siyo Gaudensia," akasema. "Huyo ni wewe unajiulizia hali."

Ndivyo ilivyokuwa. Nilikuwa nimengoja sana mtu aniulize.

Mjomba wako,
Leodgar